Jicho la Roketi na Ardhi ya Ngara na Biharamulo

Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizoko mkoani Kagera katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, kwa kawaida huandikwa kwa kutegemea vyanzo vya aina mbili: masimulizi ya wazee wa Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza, na majalada yaliyoachwa na maofisa wa Kijerumani, wa Kiingereza na wa serikali ya Tanzania huru. Kipo chanzo cha tatu ambacho hakijapewa nafasi kinachostahili, nacho ni picha zilizopigwa kutoka juu, kwanza kwa ndege na baadaye kwa kamera zilizobebwa na roketi hadi kwenye mzingo, yaani njia ambayo chombo hufuata kinapoizunguka dunia bila kuanguka. Kamera hizo zilibuniwa mbali na Kagera na kwa makusudi yasiyoihusu Kagera. Hata hivyo zimeziachia wilaya hizi kumbukumbu ya ardhi yao ambayo hakuna mtawala aliyeiamuru wala mkimbizi aliyeweza kuibeba. Makala haya yanafuata historia ya kamera ya roketi sambamba na historia ya ardhi iliyopigwa picha, na yanashikilia kwamba picha ya kutoka juu huwa ushahidi pale tu inapojulikana tarehe yake na mahali pake, na pale inapowekwa pamoja na maneno ya watu walioishi katika ardhi hiyo.

Kabla ya mzingo

Wazo la kuifunga kamera kwenye roketi ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Ujerumani, mhandisi Alfred Maul alipata hataza ya roketi ya kupiga picha mwaka 1903 na kuionyesha kwa mafanikio mwaka 1906, akikusudia kulipatia jeshi njia ya kuchungulia ngome za adui, ambapo roketi ndogo ya baruti iliinua kamera mamia ya mita, kamera ikapiga picha kileleni, kisha ikashushwa kwa mwavuli. Katika miaka hiyohiyo, dola ileile ya Kijerumani ilikuwa ikijiimarisha Biharamulo, ambako boma lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 lingali limesimama. Kutoka katika boma hilo utawala uliitazama nchi kwa macho ya askari na wachoraji ramani waliotembea kwa miguu, wakiandika majina ya vilima na watemi kadiri walivyoelezwa na wenyeji.

Ramani zilizotokana na mwendo huo ndizo zilizotumiwa kuigawa nchi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mwaka 1919 juu ya mpaka uliokata ndani ya Rwanda na kuiweka sehemu ya Gisaka upande wa Waingereza, waliotaka njia ya reli. Makubaliano hayo yalirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na mto Kagera ukawa mpaka, lakini Bugufi, ambayo kabla ya ukoloni ilikuwa na uhusiano na ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika na hatimaye ikawa sehemu ya wilaya ya Ngara pamoja na Bushubi. Mstari uliochorwa na watu walioiona nchi kwa mbali uligeuka kuwa jambo la kila siku kwa familia zilizokuwa na ndugu ng'ambo ya mto.

Mwaka 1946 una nafasi ya pekee katika historia hizi mbili. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, katika jangwa la White Sands, New Mexico, wanasayansi wa Marekani walirusha roketi ya V-2 iliyotekwa kutoka Ujerumani, ikiwa na kamera ya filamu ya milimita 35 iliyopiga picha moja kila baada ya sekunde moja na nusu. Roketi hiyo haikuwa na nguvu ya kuingia kwenye mzingo. Ilipanda hadi kimo cha takriban kilomita 105, ikaanguka na kusambaratika, lakini mkanda wa filamu uliokuwa ndani ya kasha la chuma ulipatikana ukiwa mzima, na kwa mara ya kwanza mwanadamu akaona mpindo wa dunia na mawingu yake kutoka nje ya sehemu kubwa ya angahewa. Mwaka huohuo Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, na kati ya mwaka 1947 na 1952 kikosi namba 82 cha jeshi lake la anga kilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika, Tanganyika ikiwemo, kwa ndege zilizopita kwa mistari sambamba ili picha moja iingiliane na inayofuata na vilima viweze kupimwa kimo. Njia zote mbili zilikuwa na kanuni moja: kamera hupelekwa mahali ambapo jicho haliwezi kukaa, na thamani yake hupatikana filamu inaporudi salama mikononi mwa atakayeisoma.

Pori ambalo si la asili

Msomaji wa picha za kutoka juu za Biharamulo huona eneo kubwa la msitu wa miombo na vichaka, leo likiwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi. Ni rahisi kulichukua eneo hilo kuwa pori la tangu kale ambalo mwanadamu hakulifikia. Historia inaonya dhidi ya usomaji huo. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliteketeza mifugo ya eneo lote la Maziwa Makuu, malisho yakaachwa, vichaka vikarudi, na pamoja na vichaka wakarudi mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kiingereza uliwahamisha wakazi wa sehemu za Biharamulo kutoka kwenye vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na mashamba waliyoyaacha yakamezwa na miti.

John Ford, mwanaikolojia aliyefanya kazi ya utafiti wa mbung'o Tanganyika, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na namna zao za kuudhibiti ugonjwa huo kwa kulima, kufuga na kufyeka, na kwamba kuvunjwa kwa mpangilio huo ndiko kulikofungua njia ya maafa. Helge Kjekshus aliendeleza hoja inayofanana na hiyo mwaka 1977 kuhusu Tanganyika nzima. Kwa hiyo kijani kinachoonekana kwenye picha ya Biharamulo kina historia ya watu ndani yake, na kamera, hata iwe na ubora gani, haiwezi kuisema historia hiyo peke yake, kwa kuwa wakati filamu ya kwanza inapigwa wenyewe walikuwa wameshaondoka. Anayejua palipokuwa na kaya, na palipokuwa na njia ya kushukia mtoni, ni mzee aliyesimuliwa na wazazi wake.

Kamera inayoitazama roketi yenyewe

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuiweka Sputnik kwenye mzingo tarehe 4 Oktoba 1957, kamera za roketi ziligawanyika katika kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuitazama dunia. Setilaiti ya hali ya hewa TIROS-1, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, ilituma picha za mawingu kwa mawimbi ya redio, na mwezi Agosti mwaka huohuo mpango wa kijasusi wa Marekani ulioitwa Corona ulifanikiwa kurudisha filamu kutoka kwenye mzingo, ambapo kapsuli iliyobeba filamu ilishuka kwa mwavuli na kunaswa hewani na ndege. Picha za Corona zilifichwa hadi mwaka 1995, serikali ya Marekani ilipotoa amri ya kufungua zaidi ya picha 860,000 zilizopigwa kati ya mwaka 1960 na 1972, na tangu hapo zimekuwa hazina kwa watafiti wa ardhi za kale katika nchi nyingi.

Kazi ya pili ilikuwa kuitazama roketi yenyewe. Roketi inayokwenda kwenye mzingo hujengwa kwa hatua, yaani vipande vinavyobebana, ambapo kila kipande huachwa mafuta yake yanapokwisha ili kilichobaki kiwe chepesi na hatimaye kifikie kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Muda wa hatua moja kuachana na nyingine ni wa hatari kubwa, na hutokea juu mno kiasi kwamba kamera za ardhini huona nukta ya mwanga tu. Wahandisi walikuwa na telemetria, ambayo ni vipimo vya joto, mgandamizo na mtikisiko vinavyotumwa kwa redio, lakini namba hizo haziwezi kueleza kila kitu kilichotokea. Ndiyo maana roketi kubwa za Saturn V zilizorushwa bila wanaanga katika safari za Apollo 4, tarehe 9 Novemba 1967, na Apollo 6, tarehe 4 Aprili 1968, zilifungwa kamera za filamu zilizoelekezwa nyuma. Kamera hizo zilirekodi hatua ya kwanza ikibaki chini na pete kubwa ya kuunganishia ikianguka taratibu kuelekea bahari, kisha zikatupwa nje ndani ya kapsuli, zikashuka kwa mwavuli na kuokolewa baharini.

Filamu hizo za dakika chache zimekuwa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za safari za anga za juu, na katika filamu nyingi za makala huonyeshwa kana kwamba zilipigwa mwaka 1969 katika safari ya Apollo 11 iliyowapeleka watu mwezini. Huo ni upotoshaji hata pale usipokusudiwa, kwa kuwa picha iliyotenganishwa na tarehe yake huweza kutumikia simulizi lolote. Kanuni hii, iliyo dhahiri kwa filamu ya roketi, ina uzito uleule kwa picha ya kijiji, ya msitu au ya kambi ya wakimbizi.

Mstari mmoja kutoka Ngwana hadi Ngara

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia hii. Chini ya uongozi wa profesa Luigi Broglio, Italia ilijenga majukwaa mawili baharini katika ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi nchini Kenya, yaliyoitwa San Marco na Santa Rita. Roketi za utafiti zilianza kurushwa hapo mwaka 1964, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 ikawa ya kwanza kupelekwa kwenye mzingo kutoka hapo, kwa roketi ya Scout yenye hatua nne za mafuta magumu. Kati ya mwaka huo na tarehe 25 Machi 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa hilo. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya ukaribu wake na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huiongezea roketi inayoelekea mashariki kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde bila gharama ya mafuta.

Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni kwamba jukwaa la San Marco, Biharamulo na Ngara ziko karibu katika latitudo moja, yaani umbali mmoja kusini mwa ikweta, kwa tofauti iliyo pungufu ya nusu digrii, ingawa zinatenganishwa na kilomita zipatazo 1,000 za nchi kavu. Setilaiti mashuhuri kuliko zote zilizorushwa hapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, na wenzake waliipa jina la Uhuru. Mzingo wake uliinama digrii 3 tu kutoka kwenye ikweta, katika kimo cha takriban kilomita 550, na kila mzunguko ulichukua dakika 96 hivi. Maana yake ni kwamba njia yake yote ilibaki katika ukanda mwembamba wa digrii 3 kaskazini na 3 kusini, ukanda uliozijumuisha Ngara na Biharamulo, hivi kwamba kila ilipomaliza mzunguko na kuvuka Kongo ilipita juu ya nchi ya Kagera au jirani nayo kabla ya kurejea kwenye pwani iliyotokea.

Uhuru haikubeba kamera ya kuitazama ardhi. Vihisi vyake vilipokea mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, mionzi ambayo angahewa huizuia isifike chini, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Utafiti huo ulichangia tuzo ya Nobel ya fizikia aliyopewa Riccardo Giacconi mwaka 2002. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, chombo kilichopaa kutoka pwani ya Waswahili kilipita juu ya wakulima wa Rulenge na Nyakahura mara nyingi kwa siku bila wao kujua, kikiwa na habari za mbingu na bila habari yoyote yao. Kuwa chini ya njia ya setilaiti hakumfanyi mtu kuonekana, kwa kuwa kinachoamua ni upande ambao chombo kimeelekezwa na swali lililokipeleka juu.

Kumbukumbu ya kila siku kumi na sita

Swali kuhusu ardhi liliulizwa kwa utaratibu kuanzia tarehe 23 Julai 1972, Marekani iliporusha setilaiti ya kwanza ya mpango uliokuja kuitwa Landsat. Tofauti na filamu za Corona, Landsat ilitumia kioo kinachoyumba kuifagia ardhi mstari kwa mstari, ikipima mwanga uliorudishwa na kila kipande kidogo cha ardhi, ambacho katika picha huitwa pikseli. Pikseli za awali zilikuwa za mita 80 hivi, na zile za Landsat 5, iliyorushwa tarehe 1 Machi 1984, zilikuwa za mita 30, katika picha yenye upana wa kilomita 185 unaotosha kuzimeza wilaya zote mbili. Setilaiti hiyo ilipita mahali palepale kila baada ya siku 16 kwa zaidi ya robo karne. Afrika Mashariki nayo ilijiandaa kuzisoma picha hizo, na mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji, ramani na uchunguzi wa ardhi kutoka mbali, kinachojulikana leo kwa kifupi cha RCMRD, ambacho Tanzania ni mwanachama wake.

Uwezo wa Landsat kutofautisha msitu na shamba unatokana na tabia ya majani. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu halioni, ilhali udongo mtupu na majani makavu havifanyi hivyo. Mtafiti anapolinganisha aina hizo mbili za mwanga katika picha za mwezi uleule wa miaka tofauti, hujua mahali miti ilipopungua na mahali ilipochipua tena. Kikwazo kikubwa katika Kagera ni mawingu, kwa kuwa katika misimu ya mvua kamera ya kawaida huona utando mweupe tu, na ndiyo maana picha zenye manufaa hutoka zaidi katika kiangazi cha kati ya Juni na Agosti.

Mwaka 1994

Tarehe 9 Aprili 1994, siku tatu baada ya ndege ya rais wa Rwanda kutunguliwa Kigali na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza, chombo cha anga Endeavour kilirushwa kutoka Florida kikiwa na rada ya kuchunguza ardhi. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi, kwa hiyo hupenya mawingu na giza. Miongoni mwa maeneo yaliyopigwa picha katika safari hiyo ya Aprili ni milima ya Virunga kwenye mpaka wa Rwanda, Zaire na Uganda, kwa ajili ya kuchunguza makazi ya sokwe wa milimani. Chombo kilirejea tarehe 20 Aprili. Katika siku hizohizo, chini yake, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiuawa na wengine wakikimbia, na rada iliyopelekwa kuuliza habari za misitu na miamba ilileta majibu ya misitu na miamba.

Siku nane baadaye, tarehe 28 Aprili, mpaka wa Rusumo ulifunguka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba takriban watu 250,000 walivuka daraja la mto Kagera na kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24, tukio ambalo shirika hilo lilikuwa halijawahi kulishuhudia kwa kasi hiyo. Walikusanywa Benaco, palipokuwa na bwawa la maji na kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, kisha kambi nyingine zikafunguliwa Lumasi, Musuhura na Kitali, huku Lukole ikipokea Warundi. Wilaya iliyokuwa na wenyeji wasiofika laki mbili ikajikuta ikihifadhi wageni waliowazidi kwa idadi, na vijiji vya Ngara vilitoa ardhi, maji na chakula kabla misaada ya kimataifa haijafika.

Kila familia iliyopika ilihitaji kuni. Kwa makadirio yaliyotolewa na shirika hilo la wakimbizi, katika kilele cha msiba, kati ya mwaka 1994 na 1996, takriban tani 1,200 za kuni ziliteketea kila siku katika mkoa wa Kagera, maeneo makubwa yalibaki bila miti kabisa, na mengine yaliathirika kwa viwango mbalimbali. Makadirio ya aina hiyo hayawezi kufanywa na mtu aliyesimama kwenye kilima kimoja, kwa sababu ukataji hausogei kwa mstari. Huanza karibu na kambi, hufuata njia, huruka mashamba ya wenyeji na kuibuka upya penye miti iliyobaki, ikiwamo ya mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi. Ni picha ya kutoka juu inayoweza kuliweka tukio lote katika kipimo kimoja.

Hata hivyo picha hiyo haisemi ni nani aliyekata mti na kwa nini. Mkimbizi aliyetembea kilomita nyingi kutafuta kuni za kupikia uji wa mtoto, mfanyabiashara aliyenunua mkaa na mjenzi aliyehitaji nguzo wote huacha alama ileile ya pikseli zilizopauka. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996, na katika miaka iliyofuata miti ya miombo, ambayo huchipua kutoka kwenye visiki, ilianza kuirudia ardhi palipoachwa bila kulimwa. Anayeziangalia picha za miaka hiyo bila kuijua historia anaweza kuutaja ukataji kuwa tabia ya wenyeji, na kuchipua kwa miti kuwa matunda ya mradi fulani. Anayezisoma pamoja na masimulizi ya watu wa Kasulo na Rusumo ataona gharama halisi ya ukarimu wao, na ataweza kuidai itambuliwe kwa kipimo, tarehe na mahali.

Kamera ambayo haikuwepo

Katika muongo uliofuata, kamera za roketi zilirudi kwenye kazi yao ya pili kwa namna iliyougusa ulimwengu mzima. Tarehe 7 Oktoba 2002 chombo Atlantis kilipaa kikiwa na kamera iliyofungwa kwenye tangi lake la nje la mafuta, ikirusha picha moja kwa moja hadi lenzi ilipochafuliwa na moshi wa injini zilizotenganisha roketi za pembeni. Tarehe 16 Januari 2003, chombo Columbia kilipaa bila kamera ya namna hiyo. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu la kukinga joto kilibanduka kutoka kwenye tangi na kuugonga ubawa wa kushoto, na kamera za ardhini zilinasa tukio hilo kwa mbali bila kuonyesha ukubwa wa jeraha. Tarehe 1 Februari, Columbia ilipokuwa ikirejea, hewa ya moto iliingia kupitia jeraha hilo na wanaanga wote saba wakafa. Chombo kilichofuata, Discovery, kilirushwa tarehe 26 Julai 2005 kikiwa na kamera kwenye tangi, na kamera hiyo ilionyesha waziwazi kipande kingine cha povu kikibanduka bila kukigonga chombo. Kwa ushahidi huo safari zikasimamishwa tena hadi Julai 2006.

Funzo la Columbia linaihusu ardhi pia. Madhara yasiyorekodiwa kwa wakati wake hubishaniwa baadaye kwa makisio, na anayeumia hubaki na mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo kila mtu mwenye uwezo wa kulitazama hakulitazama. Kwa Ngara na Biharamulo, ambako wakimbizi wameingia kwa vizazi kadhaa, ambako nikeli ya Kabanga imetafitiwa tangu miaka ya 1970, na ambako mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, haja ya rekodi inayoanza kabla ya tukio na kuendelea baada yake si ya kinadharia.

Rekodi hiyo sasa inapatikana. Mwezi Februari 2000 Endeavour ilipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu za dunia, na vipimo vyake vya undani wa mita 30 vilipoanza kutolewa kwa umma mwaka 2014, Afrika ilitangulizwa, hivi kwamba miteremko ya Ruvubu na Kagera inaweza kupimwa na mwanafunzi mwenye kompyuta. Tangu mwaka 2008 hazina yote ya Landsat hutolewa bila malipo. Majirani nao wamepeleka vyombo vyao: RwaSat-1 ya Rwanda ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu mwezi Novemba 2019, PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilirushwa mwezi Novemba 2022, na Taifa-1 ya Kenya ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California. Siku hiyo kamera zilizofungwa kwenye roketi zilirusha moja kwa moja mwendo wa kupaa na hatua ya kwanza ikirudi kutua, na watu wa Afrika Mashariki waliweza kukiona kwa macho yao chombo chao kikipelekwa kuitazama ardhi yao.

Kilichobaki ni usomaji, na hapo ndipo mamlaka ya historia yalipo. Picha za mwaka 1984, 1994 na 2004 za Benaco, Lukole na pori la Biharamulo zinapaswa kuwekwa katika shule za sekondari na ofisi za wilaya, zikiwa na tarehe zake, na kando yake yaandikwe majina ya vitongoji, visima na mashamba kama wanavyoyataja wazee ambao bado wapo. Kazi hiyo haihitaji roketi mpya wala bajeti ya taifa kubwa. Inahitaji walimu, maofisa ardhi na wanahistoria waliokubali kwamba mzee wa Bugufi na setilaiti iliyopita juu yake ni mashahidi wawili wa jambo moja, na inahitaji ianze sasa, kwa kuwa hazina ya picha itaendelea kuwepo vizazi vingi vijavyo ilhali wanaoweza kuieleza wanapungua kila mwaka.